Ukipanda Basi la Mbeya, Tazama Ndege

Safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni ya kilomita zaidi ya 800. Ni mchana mzima wa kukaa. Watu wengi husinzia. Wengine hutazama sinema za kupigana kwenye televisheni ya basi. Wengine huchezea simu mpaka chaji iishe, halafu nao wanasinzia. Sisi tunasema: geuza shingo, tazama dirishani. Nje kuna ndege, na ndege wana habari.

Habari gani? Wanakuonyesha mvua imefika wapi. Wanakuonyesha penye mzoga, penye panzi, na penye mpunga unaokaribia kuiva. Mtu anayejua kuwatazama anashuka Mbeya akijua mambo ambayo jirani yake wa kiti hayajui, ingawa wote wamelipa nauli ile ile.

Katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu wenye magari yaliyo na kitanda na jiko ndani yake. Husafiri majuma au hata miezi wakitazama ndege, na kila ndege wanamwandika. Sisi hatuna magari hayo. Tuna basi. Lakini kazi ya macho ni ile ile, na kalamu ni ile ile.

KABLA YA KUONDOKA

Chukua daftari dogo na kalamu. Hayo tu. Mwenye darubini ni vizuri, lakini ndani ya basi linalotikisika darubini haisaidii sana. Macho yanatosha.

Omba kiti cha dirishani. Tena chagua upande. Katika miezi ya Juni na Julai, ukienda Mbeya, kaa upande wa kushoto. Jua litakuwa upande wa kulia karibu mchana kutwa. Ukikaa kulia litakuchoma, na ndege wote utawaona weusi kama mkaa, kwa sababu unawatazama wakiwa mbele ya mwanga.

Usitazame majani yaliyo kando ya lami. Yanapita mbio mno, utapata kizunguzungu. Tazama mbali kidogo: juu ya nguzo, juu ya waya za umeme, kwenye matawi makavu, na angani. Huko ndiko ndege wanakokaa wakitafuta chakula.

Ukimwona ndege usiyemjua, usihangaike na jina. Jiulize kwanza: mkubwa kiasi gani? Je, ni kama shomoro, kama njiwa, kama kuku, au amezidi kuku? Mdomo wake ukoje? Anafanya nini? Halafu andika mambo manne: saa, mahali, ndege, na anachofanya. Huu hapa mfano wa ukurasa mmoja:

Saa 1:40 asubuhi. Ruvu. Yangeyange 30 hivi. Wanawafuata ng'ombe.
Saa 5:50. Mikumi. Tumbusi 6. Wanazunguka juu, hawashuki.
Saa 11:50 jioni. Igawa. Kundi kubwa la ndege wadogo. Linaelekea kaskazini.

Umeona? Ni maneno machache tu. Lakini mstari ule wa mwisho unaweza kuokoa shamba la mtu. Tutafika huko.

KUNGURU WA PWANI

Tuanze stendi ya Magufuli, Mbezi. Kabla basi halijatoka utawaona kunguru wadogo, weusi, wenye shingo ya kijivu. Wanaruka juu ya mapipa ya taka na wala hawaogopi mtu. Hao si wenyeji. Asili yao ni India na nchi za jirani zake. Waliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili wale takataka za mji. Takataka walizila kweli. Lakini walikula pia mayai na makinda ya ndege wengine, na vifaranga vya kuku. Wakaongezeka, wakavuka bahari, wakajaa Dar es Salaam. Serikali imewahi kufanya kampeni za kuwapunguza, nao bado wapo.

Kunguru wetu wa asili ni mwingine. Ni mkubwa zaidi, na kifua chake ni cheupe kama mtu aliyevaa fulana.

Sasa hii ni kazi nzuri ya daftari. Kunguru wa shingo ya kijivu anaingia bara kwa kufuata miji na takataka za watu. Kwa hiyo andika mahali ulipomwona kwa mara ya mwisho. Safari nyingine andika tena. Ukikuta mwaka huu amefika kijiji ambacho mwaka jana hakuwapo, waambie watu wa pale wafunike mashimo ya taka mapema, na vifaranga wasiachwe wakizurura bila mlinzi.

RUVU HADI MOROGORO

Bonde la Ruvu lina majani mabichi, maji na ng'ombe. Hapo ni mahali pa yangeyange, ndege weupe wenye miguu mirefu. Anayemfuata ng'ombe hana mapenzi na ng'ombe. Anangoja kwato zifukuze panzi, kisha awadake. Siku hizi anafuata hata trekta.

Ukikaribia Morogoro utaona milima ya Uluguru upande wa kushoto. Katika msitu wa juu kule yupo ndege mmoja mwenye kichwa cheusi, mgongo wa kijani na tumbo la manjano, ambaye haishi mahali pengine popote duniani. Kwenye basi hutamwona, usijisumbue. Lakini ni vema ujue kwamba msitu ule ukikatwa, ndege huyo hana pa kuhamia.

TUMBUSI WA MIKUMI

Baada ya Morogoro barabara inaingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Kwa kilomita 50 hivi unapita katikati ya hifadhi bila kulipa kiingilio. Watu wote wanaamka hapa. Wanapiga kelele: "Tembo! Twiga!" Sawa, watazame. Ukimaliza, inua macho juu.

Basi lililotoka Dar es Salaam alfajiri linafika Mikumi karibu saa 6 mchana. Ndege wengi wakati huo wamejificha kivulini. Lakini kwa tumbusi, yaani wale tai wala mizoga, saa hizi ndizo zenyewe. Tumbusi ni mzito. Hapendi kupiga mabawa. Asubuhi anakaa mtini akingoja ardhi ipate joto. Joto likipanda, hewa nayo inapanda, na tumbusi anapanda nayo kama mtu aliyedandia lifti. Anatandaza mabawa tu, anazunguka.

Tumbusi wakizunguka polepole bila kushuka, wanatafuta, hawajapata. Lakini wakishuka mmoja baada ya mwingine, kwa haraka, miguu imening'inia, basi hapo chini pana mzoga. Hawaupati kwa kunusa. Tumbusi wa Afrika wanatumia macho. Mmoja akishuka, wa mbali anamwona, naye anakuja. Wa mbali zaidi anamwona huyu wa pili. Kwa njia hiyo mzoga mmoja unaweza kuwaita tumbusi mia.

Hapo ndipo penye hatari yao.

Tuseme simba amekula ng'ombe wa mfugaji. Mfugaji ana uchungu, na nani hatakuwa na uchungu? Anachukua dawa ya kuua wadudu wa shambani, anaimwaga juu ya mzoga uliobaki, anamngoja simba arudi. Pengine simba harudi. Lakini tumbusi wanakuja, mia nzima, na wanakufa wote papo hapo. Fisi wanakufa. Mbwa wa kijiji wanakufa. Majangili nao hutia sumu kwenye mzoga wa tembo kwa makusudi, ili tumbusi wasizunguke angani na kuwaonyesha askari mahali tembo alipouawa. Tena wako wanaotafuta vichwa vya tumbusi kwa ajili ya uganga. Mambo haya yamefanya yule tumbusi mwenye mgongo mweupe, ambaye zamani ilikuwa kawaida kabisa kumwona, awekwe na wataalamu wa dunia katika kundi la viumbe walio karibu kabisa kutoweka.

Kuwarudisha si kazi ndogo. Kuku anataga mayai kumi na zaidi. Tumbusi huyu anataga yai moja tu, na kinda huchukua miaka kadhaa mpaka naye aanze kutaga. Mzoga mmoja wenye sumu unafuta kazi ya miaka mingi.

Utasema, "Tumbusi ana faida gani kwangu? Ndege mbaya, kichwa hakina manyoya." Basi sikiliza habari ya India. Katika miaka ya 1990 wafugaji wa India waliwapa ng'ombe wao dawa ya kutuliza maumivu iitwayo diklofenaki. Hata hapa kwetu watu tunaijua, tunaimeza mgongo ukiuma. Ng'ombe aliyepewa dawa hiyo akifa, tumbusi aliyekula nyama yake aliharibika figo, akafa naye. Katika miaka michache zaidi ya tumbusi 95 katika kila 100 wa jamii zile walikwisha. Mizoga ikaoza ovyo. Mbwa wa mitaani wakapata chakula kingi, wakaongezeka, na mbwa wakiongezeka kichaa cha mbwa nacho kinapata njia. Mwaka 2006 serikali ya India ilipiga marufuku diklofenaki kwa mifugo, lakini hasara ilikuwa imeshaingia.

Tumbusi anasafisha bure. Tumbo lake lina tindikali kali inayoua vijidudu vingi vya magonjwa ambavyo vingebaki katika mzoga. Bwana Afya wa aina hiyo hadai mshahara.

Kwa hiyo mfugaji aliyeliwa ng'ombe afanye nini? Kwanza atoe taarifa upesi kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Yako malipo ya serikali yaitwayo kifuta jasho. Si fedha nyingi, hatutaki kukudanganya, na hayalingani na thamani ya ng'ombe. Lakini huwezi kuyapata kabisa kama hukuandikisha hasara yako mapema. Pili, boma liwe imara, na ng'ombe waingie kabla ya giza. Kutega sumu ni kosa la jinai. Tena sumu ile haichagui. Mtoto anayechunga akigusa mzoga, je?

Kwa hiyo wewe msafiri, andika. Umepita Mikumi saa ngapi? Umeona tumbusi wangapi? Mwaka mzima wa safari unaweza kuwa na mistari kumi tu. Hata mistari kumi inaonyesha kama wanaongezeka au wanapungua.

MIBUYU NA SUFURIA

Ukitoka Mikumi barabara inafuata mto Ruaha Mkuu. Unafika Ruaha Mbuyuni, mahali pa joto, mibuyu na vitunguu. Basi likisimama, wauza vitunguu watajaa dirishani. Nunua, kisha tazama juu ya mibuyu. Katika nchi za mibuyu mara nyingi utaona mafungu ya vijiti vya miiba juu ya matawi, kama takataka zilizopeperushwa na upepo. Hayo ni majumba. Ni viota vya ndege wa jamii ya mnana, tena ni viota vya pamoja. Ndani ya fungu moja kuna vyumba kadhaa, kila mmoja na mlango wake.

Katika matundu ya mbuyu anaishi hondohondo, yule mwenye mdomo mkubwa uliopinda. Desturi yake ni ya ajabu. Jike akitaka kutaga anaingia tunduni, na mlango unazibwa kwa udongo na kinyesi mpaka ibaki nafasi nyembamba ya kupitisha mdomo tu. Jike anafungiwa humo na mayai, kisha na makinda. Dume anatafuta chakula, analeta, anapitisha pale penye ufa. Nyoka haingii. Lakini ukimpiga dume yule kwa manati, nyumba nzima imekosa mlishaji. Vijana wengi hawalijui hili. Waambieni.

Hapo hapo, upande wa kushoto, inasimama milima ya Udzungwa. Hii ina kisa chake, nacho ni kisa cha kweli.

Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa wamepiga kambi katika misitu ya Udzungwa. Jioni moja walikula mchuzi wa ndege walionaswa msituni. Walipokuwa wakila, wakaona ndani ya sufuria miguu ya ndege wasiyemtambua. Haikuwa miguu ya kwale wa kawaida. Wakatafuta, wakampata ndege mzima. Kumbe alikuwa ndege ambaye hakuwahi kuandikwa katika kitabu chochote cha wataalamu! Mwaka 1994 akapewa jina la kitaalamu lenye neno Udzungwa ndani yake. Tena wakakuta kwamba jamaa zake wa karibu hawako Afrika. Wako Asia.

Sasa fikiri kidogo. Aliyetega ndege yule alijua pa kumpata. Aliyempika alijua nyama yake. Kwao hakuwa ndege mpya hata kidogo, alikuwa kitoweo. Kilichokosekana ni mtu wa kuandika: ndege huyu yuko hapa, ana rangi hii, miguu yake iko hivi. Walipokuja wageni wakaandika, ndipo dunia ikasema amegunduliwa. Sisi tuliojifunza kusoma tukiwa watu wazima tunakipenda sana kisa hiki, na kinatuudhi kidogo pia.

WALIO JUU YA WAYA

Basi linapanda mlima Kitonga kwa kunguruma, kona juu ya kona. Hapo shika kiti, acha daftari. Ukifika juu, Ilula na kuendelea Iringa, baridi inaanza na mashamba yanafunguka. Hii ndiyo sehemu nzuri ya kutazama waya za umeme.

Kama unasafiri kati ya Oktoba na Machi, utaona mbayuwayu wamejipanga juu ya waya kama shanga. Wengi wao ni wageni. Wamezaliwa Ulaya au Asia, na kule baridi ikiingia wadudu wanapotea, basi wao wanakuja huku. Wengine hupita hapa wakaenda mpaka Afrika ya Kusini, mwendo wa kilomita 10,000 hivi. Uzito wa mbayuwayu mmoja ni kama gramu 20. Hizo ni sawa na vijiko vinne au vitano vya chai vya sukari. Kitu chepesi namna hiyo kinavuka Jangwa la Sahara, kinarudi, na mwaka ujao kinakuja tena.

Zamani watu wa Ulaya hawakujua ndege hao wanakwenda wapi. Wengine walisema wanalala chini ya matope ya ziwa mpaka baridi iishe. Halafu mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz nchini Ujerumani, akapigwa korongo mweupe aliyekuwa na mkuki shingoni. Mkuki wenyewe ulikuwa na urefu wa sentimeta 80 hivi, umepita shingoni, na korongo alikuwa akiruka nao! Wataalamu wakautazama, wakaona ni mkuki wa Afrika. Mwindaji wa huku alimkosa kumuua, ndege akaruka na mkuki mpaka Ujerumani. Hapo ndipo watu wa kule wakapata ushahidi: korongo wao wanakuja kwetu. Ndege yule alikaushwa, na mpaka leo anatunzwa katika Chuo Kikuu cha Rostock.

Siku hizi hawatumii mikuki. Watafiti wanawavalisha ndege pete ndogo ya chuma mguuni yenye namba. Ukiokota ndege amekufa na ana pete, nakili namba na maandishi yote kama yalivyo. Andika tarehe na mahali. Peleka kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Kama ndege yu hai, soma namba ukiweza, usimvue pete. Pete hiyo si hirizi wala si ya kumchawia mtu. Tunasema hivi kwa sababu tumeyasikia maneno hayo.

Korongo mweupe utamwona kwenye mashamba na majani mafupi, anatembea taratibu kama mzee anayekagua mipaka. Anakula panzi, nzige na viwavi. Mkulima hana sababu ya kumfukuza.

MOSHI UNAORUKA

Tumepita Mafinga na misitu yake ya misonobari. Tumepita Makambako. Jua linashuka. Basi linateremka kuelekea Igawa, Chimala na Igurusi, na upande wa kulia unatandaa uwanda wa Usangu. Hapa ni nchi ya mpunga, wilaya ya Mbarali. Kama ni Mei au Juni, mpunga uko shambani umeiva au unaiva. Sasa usisinzie hata kidogo.

Karibu na saa 12 jioni unaweza kuona kitu kama moshi kinachokimbia juu ya mashamba. Kinajikunja, kinajinyosha, kinageuka wote kwa pamoja. Si moshi. Ni kweleakwelea.

Kweleakwelea ni mdogo, kama shomoro. Dume ana mdomo mwekundu. Inasemekana hakuna ndege wa porini aliye na idadi kubwa kuliko huyu duniani kote. Chakula chake cha kawaida ni mbegu za majani ya porini. Mbegu hizo zikiisha, au mvua ikinyesha zikaota zote, anahamia kwa mkulima. Mahindi yanamshinda, punje ni kubwa. Lakini mpunga, mtama, uwele, ulezi na ngano anavimaliza.

Tupige hesabu. Kweleakwelea mmoja anakula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku. Unaona ni kidogo. Lakini kundi la ndege milioni moja linakula gramu 10,000,000. Gawanya kwa 1,000, unapata kilo 10,000. Gawanya tena kwa 100. Ni magunia 100 ya kilo 100, kwa siku moja! Na makundi mengine yanazidi milioni moja.

Mkulima anafanya nini? Anajenga dungu, anapanda juu na kombeo na makopo, anawinga kuanzia alfajiri mpaka jioni. Watoto nao wanaachishwa masomo ili wawinge. Kwa kundi dogo kuwinga kunasaidia. Kwa kundi la milioni, unawatoa kwako wanakwenda kwa jirani, jirani anawarudisha kwako.

Dawa ya kundi kubwa inapigwa mahali wanapolala, jioni, mara nyingi kwa ndege ya kunyunyizia. Usiku wote wamekusanyika pamoja, katika miti ya miiba au katika matete. Mchana wametawanyika, huwezi kuwapata. Kwa hiyo swali ambalo wataalamu wa kilimo wanauliza kila mara ni hili: wanalala wapi? Na mtu anayeweza kujibu ni yule aliyewaona jioni wakielekea kulala. Mchungaji. Mvuvi. Dereva wa lori la Tunduma na utingo wake. Abiria wa basi.

Sasa rudi kwenye ule mstari wa daftari: saa 11:50 jioni, Igawa, kundi kubwa, linaelekea kaskazini. Taarifa hiyo ikimfikia afisa ugani siku hiyo hiyo kwa simu, ana mahali pa kuanzia. Ikiwa mtu mwingine aliye kaskazini zaidi naye amewaona wakishuka, mahali pa kulala pamejulikana. Ikichelewa juma moja, mpunga umekwisha. Kwa hiyo msafiri, kabla hujaondoka nyumbani uwe na namba ya simu ya afisa ugani wako. Ukiona kundi, mpigie, naye atajua kuwafikishia wenzake wa wilaya ile.

Jambo moja tunalisema kwa mkazo. Sehemu nyingine watu huwatega kweleakwelea kwa nyavu na kuwala. Nyama yao ni chakula kizuri, na mtego haudhuru shamba wala mtu. Lakini ndege waliopigwa dawa msiwaokote. Msile, msiuze, msiwape kuku wala mbwa. Dawa ile ni sumu hata kwa mtu. Ndege aliyekufa kwa dawa na aliyenaswa na wavu wanafanana kabisa wakishakaangwa. Ukiuziwa kweleakwelea njiani, muulize muuzaji amewapata vipi. Akibabaika, mwachie. Tena dawa hiyo inaua bundi na tai wanaokula maiti wale, nao bundi ndio wanaokula panya wa ghalani kwako. Hiyo ni sababu nyingine kwa nini wanaotega mapema, kundi likiwa bado dogo, tunawasifu kuliko wanaongoja ndege ya dawa.

MAJINA

Giza likiingia, funga daftari. Utakuwa na majina mengine ambayo huna hakika nayo. Hiyo ni kawaida. Ndege mmoja ana jina moja Pwani, jingine Iringa, jingine Usukumani, na Kiswahili chenyewe kina majina mawili matatu kwa ndege mmoja. Tumesema tumbusi, wewe pengine unasema tai. Hatuoni ubaya, mradi uandike na umbo lake ili mwingine aelewe.

Tunaye mmoja anayetusumbua. Ni ndege wa rangi ya kahawia, mkubwa kuliko njiwa, anakaa kando ya maji, na kichwa chake kina umbo la nyundo. Anajenga kiota kikubwa mno cha vijiti na matope juu ya mti, mtu mzima anaweza kusimama juu yake kisivunjike. Katika sehemu nyingi watu wanaogopa kumgusa. Andikeni kwa mhariri wa gazeti hili mtuambie: kwenu anaitwaje, na wazee wanasema nini juu yake? Andikeni na jina la kijiji, na mwezi mliomwona akijenga. Barua zikifika tutazichapa.